Bunduki za kale za kijeshi hulishwaje risasi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaoingia Fort Jesus kutazama mizinga, kisha wakatoka na maswali ya bunduki. Ni wa wajukuu wa askari wa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) pia, na wa vijana waliozijua silaha kupitia sinema na michezo ya simu. Hatufundishi kutengeneza bunduki hapa, wala kufufua iliyokufa. Tunaeleza jambo moja tu: namna risasi inavyotoka mfukoni mwa askari hadi ikatua ndani ya mtutu.

Kwani ugumu uko wapi? Si unatia risasi, unafyatua?

Ya kwanza haina ugumu. Ugumu ni ya pili, ya tatu na ya kumi, huku mikono inatetemeka na jasho linaingia machoni. Kila risasi ina safari yake: itoke ilikohifadhiwa, ipande hadi usawa wa mtutu, isukumwe chembani (nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi ya kupigwa) ikiwa imenyooka, kisha ganda lake livutwe na kutupwa nje likiisha kazi. Hatua moja ikichelewa, au risasi mbili zikija kwa mpigo, bunduki imekwama na mwenyewe amebaki na singe.

Ndiyo maana ninaposoma historia ya bunduki za kijeshi kati ya 1860 na 1945, sioni sana habari ya nguvu wala shabaha. Mitutu ilikuwa mizuri tangu mapema. Kilichowasumbua mafundi miaka hiyo yote ni kulisha.

Nikitaka kuelewa, nianze kutazama sehemu gani ya bunduki?

Usianze na bunduki. Anza na kitako cha risasi.

Risasi kamili ina kichwa kinachoruka, ganda la shaba nyeupe au shaba, baruti ndani ya ganda, na fataki katikati ya kitako, yaani kidude kinachowasha baruti kikigongwa. Sasa kitako chenyewe kipo cha namna mbili kubwa. Kuna kile chenye ukingo uliotokeza nje, mfano wa kichwa cha msumari. Ukingo huo huizuia risasi isizame chembani kupita kiasi, na ndio unaoshikwa na kucha ya bolti (komeo la chuma linaloziba nyuma ya mtutu na kusukuma risasi ndani) wakati wa kuvuta ganda. Risasi ya Uingereza ya .303 ni ya aina hiyo, na ya Urusi ya milimita 7.62 ya bunduki ya Mosin-Nagant vilevile. Aina ya pili haina kilichotokeza: kitako ni sawa na mwili wa ganda, ila kimechongwa mfereji kuzunguka, na kucha huingia kwenye mfereji huo. Hiyo ndiyo ya bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya milimita 7.92.

Ukingo ulikuwa neema wakati bunduki zilitiwa risasi moja moja. Zilipoanza kupangwa juu ya nyingine, neema ikawa balaa, maana ukingo wa risasi ya juu unaweza kunasa nyuma ya ukingo wa ile ya chini. Maswali mengi yanayofuata hapa chini yanarudi kwenye jambo hili hili.

Hizi bunduki za wazee wetu wa pwani, gumegume na gobore, zina mfumo wowote wa kulisha?

Hazina. Mfumo ni mtu mwenyewe. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unatia kitambaa na risasi au marisau, unashindilia kwa mdeki, kisha unatayarisha mtambo: baruti kidogo kwenye kisahani kwa bunduki ya gumegume, au fataki kwenye chuchu yake kwa ile ya baadaye. Askari aliyefundishwa vizuri alipata mipigo miwili au mitatu kwa dakika, tena akiwa amesimama wima, kwa sababu kushindilia ukiwa umelala chini ni taabu tupu.

Watu huuliza kwa nini bunduki hizo zilidumu huku kwetu wakati Ulaya zilikwisha kuwekwa makumbusho. Uvivu haukuwa sababu. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, ila bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu ziliruhusiwa. Mbaruk bin Rashid wa Wamazrui alipoanza vita vyake na Waingereza mwaka 1895, jeshi la Uingereza lilikuwa limeshahamia bunduki ya magazini, yaani yenye nyumba ya risasi ndani yake, ya risasi 10. Mkataba huo ulisifiwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa, na huenda baadhi ya waliotia sahihi walikusudia hivyo. Lakini pia uliamua nani atakuwa na magazini na nani atakuwa na mdeki.

Martini-Henry ilijazwaje?

Hii ndiyo ile yenye wenzo mrefu chini, nyuma ya kifyatuo. Uingereza iliipokea mwaka 1871. Unavuta wenzo chini, kipande cha chuma kilichoziba nyuma ya mtutu kinainama mbele, ganda lililotumika linarushwa nje, unatelezesha risasi mpya kwa kidole gumba, unarudisha wenzo. Kwa mwendo huo huo bunduki imeshajikoki. Haina magazini, haina springi ya kunyanyua risasi, haina cha kupotea. Mimi naona ndiyo bunduki nzuri kuliko zote za enzi yake kwa anayependa mitambo iliyonyooka.

Udhaifu wake haukuwa kwenye chuma. Maganda ya mwanzo yalikuwa ya bati jembamba la shaba lililoviringishwa, na joto likizidi, na masizi ya baruti nyeusi yakijaa chembani, ganda lilivimba na kushika. Kucha ikavuta, kitako kikang'oka, mwili wa ganda ukabaki ndani. Malalamiko makubwa yalitoka Sudan, hasa baada ya vita vya Abu Klea, Januari 1885, kwenye joto na mchanga. Dawa ikawa maganda yaliyotengenezwa kwa shaba nzima. Baadaye Martini nyingi zilibadilishwa mtutu zikawa za .303 na kuendelea kutumika makoloni.

Mbona bunduki nyingine hazionekani kuwa na magazini, lakini zinapiga mara nane?

Magazini imo ndani ya mbao, chini ya mtutu. Ni bomba refu lenye springi, risasi zikiwa zimelala moja nyuma ya nyingine, ncha ya hii ikitazama kitako cha ile. Ukivuta bolti nyuma, kibao cha kunyanyulia kinapokea risasi moja kutoka kwenye bomba na kuipandisha. Ukisukuma bolti mbele, risasi inaingia na kibao kinashuka kuchukua nyingine.

Spencer ya Marekani ya 1860 iliweka bomba hilo kwenye kitako cha bunduki, risasi 7. Mauser ya 71/84 ilikuwa na 8 chini ya mtutu. Kropatschek ya Wareno ilikuwa ya ukoo huo pia, na ilifika Msumbiji. Lakini maarufu kuliko zote ni Lebel ya Ufaransa ya 1886, bunduki ya kwanza ya kijeshi kutumia baruti isiyo na moshi. Nane kwenye bomba, moja juu ya kibao, moja chembani: jumla kumi, na dunia nzima ikababaika.

Tabu za bomba ni tatu. Kujaza ni risasi moja moja, kwa hiyo ukimaliza umemaliza. Uzito unahama: bunduki iliyojaa inalemea mbele, na kila ukipiga unahisi mtutu unapungua uzito. Na ya tatu ndiyo iliyoua wazo lenyewe: risasi zikichongwa ncha kali ili ziende mbali, ncha ya moja inakaa juu ya fataki ya iliyo mbele yake, na kila mpigo unatikisa safu nzima. Wafaransa walipoleta kichwa chenye ncha mwaka 1898 walizungushia mfereji kwenye kitako cha risasi, ili ncha ya jirani itue mferejini badala ya kwenye fataki. Ni werevu, sikatai. Ila ukiona fundi anachonga kitako cha kila risasi ya nchi nzima ili kuiokoa magazini, jua magazini hiyo imeshapitwa na wakati.

Klipu na magazini si kitu kimoja?

Hapana, na sinema ndizo zilizotuharibu. Magazini ni nyumba ya risasi ndani ya bunduki: ina kuta, springi, kibao cha kunyanyulia na midomo ya juu inayozuia risasi zisiruke. Klipu ni kishikio tu cha kuzibeba hadi kwenye nyumba hiyo. Nyingi hazina chochote zaidi ya bati lililokunjwa.

Klipu zenyewe ziko mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza inabaki nje: unaisimamisha juu ya bunduki iliyo wazi, unasukuma risasi zote chini kwa kidole gumba, klipu tupu unaitupa. Ya pili inaingia ndani pamoja na risasi zake na kuwa sehemu ya magazini hadi zitakapokwisha.

Hiyo ya pili inatokaje?

Kwa mfumo wa Ferdinand Mannlicher wa Austria, inadondoka. Risasi ya mwisho ikishaingia chembani hakuna tena kinachoishika klipu, nayo inaanguka kupitia tundu lililo chini ya bunduki. Wajerumani waliuchukua mfumo huu kwenye bunduki yao ya 1888, risasi 5. Waitaliano wakautia kwenye Carcano ya 1891, risasi 6, na kuna jambo moja ambalo ningependa lisifiwe zaidi: klipu ya Carcano, kama ile ya Kijerumani ya 1888, haina juu wala chini. Usiku, gizani, huhitaji kupapasa kujua umeishika upande gani. Zile za Mannlicher za Austria hazikuwa hivyo, ukizikosea haziingii.

Uzuri wa mfumo huu ni kasi. Ubaya wake ni tundu. Pale klipu inapotokea ndipo matope yanapoingilia. Na ubaya mwingine: ukikosa klipu, magazini haikufai kitu, maana haina midomo yake yenyewe, unabaki kutia risasi moja moja. Wajerumani walichoka, wakazirekebisha bunduki nyingi za 1888 ili zikubali klipu ya kubaki nje, na tundu likazibwa.

Na ile Garand ya Wamarekani inayolia "ting"?

Ni mfumo wa klipu hiyo hiyo ya kuingia ndani, risasi 8, ila badala ya kudondoka chini inarushwa juu baada ya mpigo wa mwisho. Bunduki hiyo ilipokewa na jeshi la Marekani mwaka 1936 na inajikoki yenyewe kwa gesi. Hadithi kwamba adui alikuwa akingojea mlio wa klipu ili ashambulie haina uzito kwangu. Uwanja wa vita una kelele, na askari hakuwa peke yake.

Kwa nini Mauser ya 1898 inasifiwa hivyo?

Kwa sababu Paul Mauser alimaliza mabishano. Mwaka 1893, kwenye bunduki aliyowatengenezea Wahispania, risasi 5 zilipangwa kwa kupishana, moja kulia moja kushoto, ndani ya sanduku fupi lililofichwa kabisa kwenye mbao. Hakuna kilichoning'inia chini. Hesabu yake ni nzuri kuitazama: upana wa sanduku si mara mbili ya unene wa risasi, ni karibu mara 1.87. Kwa upana huo kila risasi inaegemea ukuta na inaegemea jirani yake kwa pembe, na springi ikisukuma, zinapanda kwa zamu bila kugombana. Punguza upana, zinabanana. Ongeza, zinalegea na kulala ovyo.

Wamarekani walikutana na bunduki hiyo Kuba mwaka 1898. Wao walikuwa na Krag, ambayo ina mlango ubavuni. Unaufungua na kutia risasi moja moja. Bolti ya Krag ni laini hadi leo wapenzi wa bunduki wanaizungumzia, lakini Wahispania walisukuma tano kwa mkupuo mmoja. Miaka mitano baadaye Marekani ilikuwa na bunduki mpya yenye mfumo wa Mauser.

Kisha ikaja ile ya 1898 yenyewe, na hapo sharti nikae kidogo. Tazama kucha yake: ni ubao mrefu wa chuma chenye mnyumbuko, umelala ubavuni mwa bolti. Bolti inapoanza kwenda mbele, risasi inapanda kutoka sandukuni na mfereji wa kitako chake unateleza chini ya kucha mapema, kabla haijafika chembani. Kuanzia hapo imeshikwa. Ukiigeuza bunduki juu chini, haianguki. Ukipata kiwewe katikati ukavuta bolti nyuma kabla ya kufunga, kucha inairudisha risasi ile ile na kuitupa nje, badala ya kuiacha chembani huku nyingine ikiisukuma kwa nyuma. Kosa la kulisha mbili kwa pamoja, ambalo ndilo kosa la mtu mwenye hofu, limezibiwa njia na kipande kimoja cha chuma.

Midomo inayozuia risasi zisiruke nayo haikuwekwa kwenye bati la sanduku. Imechongwa kwenye mwili wa bunduki wenyewe, kwa hiyo haipindiki ovyo. Klipu tupu husukumwa nje na bolti ikifungwa. Na sahani ya chini hufunguliwa kwa kubonyeza kitufe kwa ncha ya risasi, kifaa ambacho kila askari anacho.

Basi kwa nini Waingereza wakang'ang'ania Lee-Enfield?

Kwa sababu ilikuwa na risasi 10 na bolti nyepesi mno. Kiwango cha mazoezi cha jeshi la Uingereza kabla ya 1914 kilikuwa mipigo 15 ya kulenga kwa dakika moja, shabaha ikiwa yadi 300, na waliofundishwa vizuri walizidisha. Hakuna bunduki nyingine ya bolti ya wakati huo ambayo ningeichagua kwa kazi hiyo.

Magazini yake ilibuniwa na James Paris Lee, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Kanada, na hataza yake ni ya 1879 huko Marekani. Ni sanduku la bati la kuchomoa. Watu hushangaa kusikia kwamba magazini ya kuchomoa ni kongwe kiasi hicho; wengi hudhani ilikuja na AK. Lee-Metford ya 1888 ilianza na risasi 8, zikawa 10 mwaka 1892, na Lee-Enfield ya 1895 ikairithi.

Kama inachomoka, kwa nini askari hakubeba magazini kadhaa zilizojaa?

Kwa sababu jeshi halikumpa. Alipewa moja, na kwenye bunduki za mwanzo ilifungwa kwa kiungo cha mnyororo ili isipotee. Zaidi ya hayo, kila magazini ilirekebishwa midomo yake ikubaliane na bunduki yake. Ya jirani huenda ikakataa. Ilichomolewa kwa kusafishwa, basi.

Mwanzoni wakuu walikuwa na wasiwasi mwingine, kwamba askari mwenye magazini atamaliza risasi kwa papara. Wakaweka sahani ya kuzuia: ukiisukuma ndani inafunika magazini, unapiga kwa kutia moja moja kwa mkono, na zile kumi zinabaki akiba mpaka ofisa atoe amri. Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902 viliwaonyesha upande wa pili wa hesabu. Makaburu walijaza Mauser zao kwa klipu. Waingereza walikuwa wakitia moja moja. Baada ya hapo Lee-Enfield fupi ikatengenezewa njia ya klipu, tano kwa mara, klipu mbili kujaza. Sahani ya kuzuia ikaondolewa kwenye bunduki zilizotengenezwa wakati wa Vita vya Kwanza, na sijasikia aliyeililia.

Nimesikia .303 lazima zipangwe kwa mpango maalumu. Ni kweli?

Kweli kabisa, na sababu ni ule ukingo. Ukijaza kwa mkono, kila risasi unayoiweka juu sharti ukingo wake ukae mbele ya ukingo wa iliyo chini yake. Ukikaa nyuma, bolti itakapoisukuma ile ya juu, ukingo wake utaikumba ya chini na kuiburuta, na zote mbili zitabanana mlangoni. Ndani ya klipu mpango ni huu: risasi ya kwanza, ya tatu na ya tano kingo zake zinagusa mgongo wa klipu, ya pili na ya nne kingo zake zinakaa juu ya za majirani. Kwa kupangwa hivyo klipu inafanana pande zote mbili, unaiingiza vyovyote.

Kusukuma kwenyewe kuna ustadi. Kidole gumba hakikai katikati ya risasi ya juu, kinakaa karibu na kitako, kisha unashuka kwa nguvu moja bila kusita. Ukisita nusu njia, klipu inabana na tatu zimeingia mbili zimegoma.

Warusi nao walikuwa na ukingo. Walifanyaje?

Waliweka mlinzi. Ndani ya Mosin-Nagant ya 1891, risasi 5, kuna kipande cha chuma chenye mnyumbuko kinachoibana risasi ya pili isipande mpaka ya kwanza iwe imeshaingia chembani na bolti imefungwa. Risasi iliyo juu haina mzigo chini yake, kwa hiyo haina cha kunasa. Si mfumo wa haraka, lakini ni mgumu kuudanganya.

Babu yangu alikuwa Keya. Alibeba bunduki gani?

Inategemea alikuwa wapi na lini. King's African Rifles ilianzishwa 1902, na katika vita vyote viwili vya dunia silaha yake ya kawaida ilikuwa .303 ya ukoo wa Lee-Enfield. Kama alipigana Somalia na Ethiopia 1941, upande wa pili Waitaliano walikuwa na Carcano. Kama alikwenda Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki mwaka 1944, Wajapani walikuwa na Arisaka, yenye sanduku la risasi 5 la mfumo wa Mauser na kifuniko cha bati kinachoteleza pamoja na bolti kuzuia vumbi. Baada ya uhuru ukoo wa .303 haukutoweka: polisi wa akiba wa kaskazini waliendelea kubeba "Mark 4" kwa miaka mingi.

Kama babu alikuwa upande wa Wajerumani, Tanganyika, hadithi ni nyingine. Mwaka 1914 askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huko, walikuwa bado na Mauser ya 1871: risasi moja tu, milimita 11, baruti nyeusi. Kila mpigo ulitoa wingu la moshi lililomtangaza mpigaji. Na hata hivyo ndio walioshinda Tanga mwezi Novemba mwaka huo. Meli za kikosi cha Waingereza kilichoshindwa zikaja kutia nanga hapa Mombasa. Bunduki na risasi zilizoachwa ufukweni zikawapa washindi silaha za magazini. Novemba 1917, huko Ngomano, waliwavamia Wareno na kujipatia nyingine tena. Kwa hiyo katika kampuni moja ungeweza kukuta mifumo mitatu ya kulisha, na mpagazi aliyepeleka sanduku lisilo lake alikuwa amepeleka uzito bure.

Hizi bunduki hukwama kwa sababu gani hasa?

Midomo ya magazini iliyopinda huongoza. Halafu springi iliyochoka, isiyowahi kuinua risasi kabla bolti haijapita juu yake. Halafu mchanga na chumvi; pwani chuma hakina rafiki. Na mpigaji mwenyewe, anayevuta bolti nusu badala ya kuifikisha mwisho: ganda halitoki, au linatoka lakini risasi mpya haikupata nafasi ya kupanda. Wakufunzi walipiga kelele juu ya hili kuliko jambo lolote.

Kuacha magazini imejaa muda mrefu kunaiua springi?

Springi nzuri huchoshwa zaidi na kubanwa na kuachiwa mara elfu kuliko kukaa imebanwa. Springi mbovu huchoshwa na vyote. Kutu ndiyo adui wa uhakika.

Hapa Mombasa naweza kuona nini?

Nje ya nyumba za Fort Jesus kuna mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokwisha kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, na mzinga wa Pegasus ya Waingereza, ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Mahasimu hao wawili sasa wanapigwa picha pamoja. Ukitaka kuona askari, nenda kwenye sanamu zilizopo Barabara ya Jomo Kenyatta. Tazama mikono yao, si nyuso tu.

Tumekuta bunduki ya marehemu darini. Tuisafishe?

Msiiguse. Bunduki ya bolti inaweza kukaa miaka sitini na risasi chembani, na fataki ya zamani si lazima iwe imekufa. Umiliki wa silaha na risasi Kenya unahitaji cheti, chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, na uzee wa bunduki usikudanganye. Fungeni chumba, piteni kituo cha polisi au pigeni 999, waje wenyewe. Msiifunge kwenye gunia na kupanda nayo matatu. Kama kuna picha ya marehemu akiwa nayo, hiyo ndiyo mali ya kuhifadhi.

Na kama ni klipu tupu tu, nitaijuaje ni ya nini?

Hesabu na tazama umbo. Bati jembamba lililonyooka, la shaba au chuma, linaloshika vitako vitano tu na ndani lina springi ndogo bapa, ni la ukoo wa Mauser. La chuma, lililokunjwa pande mbili kwenda juu zaidi na lenye vitundu, likishika tano zenye ukingo, ni la .303. Linalofunika nusu nzima ya nyuma ya risasi sita na kufanana juu na chini ni la Carcano. Likiwa pana zaidi na la nane, ni la Garand. Lenye kutu sana lisuguliwe kwa mafuta na kitambaa, msasa utakula alama za kiwanda zilizogongwa mgongoni.